Kisanduku cha Tundu Moja

Wimbo wangu nilikutana nao stendi ya Mpanda ukiimbwa na mwanaume.

Nilikuwa nimeshuka kwenye lori kutoka Kasekese, mgongo unauma, sijapata hata chai, nikasikia spika ya Zakia ikipiga kitu ninachokijua. Zakia anauza soda na kanda pale stendi, na spika yake haijawahi kumwonea mtu haya. Nikasimama. Waitikiaji walikuwa kundi langu la jembe, watu ninaolima nao kila mvua zikianza. Nilimtambua mpaka Romana, ambaye hukohoa kidogo kabla ya kuitikia. Maneno yalikuwa yangu, niliyoyatunga mwenyewe nikiwa napalilia karanga. Lakini aliyekuwa anawaitisha si mimi. Alikuwa Telesphor, na kinanda chake kikilia nyuma yake.

Nikamwomba Zakia anionyeshe kava. Picha ya Telesphor, jina la Telesphor, na chini yake kwa herufi ndogo: na Vijana wa Jembe. Romana ana wajukuu watatu.

Lazima nieleze kidogo, maana kuna watu wanaosikia wimbo wa jembe wakadhani ni mchezo. Sisi Wasukuma tulipohamia huku na ng'ombe wetu tulikuja pia na namna yetu ya kulima. Mwenye shamba anatuita, ngoma inapigwa, mwimbaji anaita, majembe yanashuka kwa pamoja, kundi linaitikia yakiwa yanapanda. Bila wimbo, ekari moja inakula siku mbili. Na mtunzi hujitaja ndani ya wimbo, yeye na baba yake. Si majivuno. Wimbo usio na jina ni ng'ombe asiye na alama, yeyote akimkuta njiani anamswaga. Mimi hujitaja mwanzoni kabisa, kama baba alivyonifundisha: Nyamizi, ng'wana Machibya, yaani mtoto wa Machibya. Kwenye kanda ile, mwanzo huo ulikuwa umekatwa.

Telesphor ana chumba cha kurekodia nyuma ya soko, kuta zimebandikwa magodoro. Mwezi wa sita, baada ya mavuno, tulikwenda kwake watu kumi na watano. Alituambia tuache majembe nje, eti yatapasua sakafu. Mimi akanipa maiki yangu peke yangu pembeni, na kundi akalipa maiki yao upande wa pili. Nikaona ni heshima. Mjinga ni mimi.

Basi kutoka kwa Zakia nilikwenda moja kwa moja chumbani kwake, na sikubisha hodi.

"Mama Sikujua!" akasema, kwa jina la mwanangu wa kwanza, kama wote wanavyoniita. "Karibu, umeisikia kazi?"

"Nimeisikia. Mimi niko wapi?"

"Sauti yako haikukaa vizuri, mama. Nikaweka yangu. Ila watu wako wameitikia vizuri sana."

"Walikuja lini kukuitikia?"

Akatabasamu. "Waulize wenyewe."

Nikamwambia wimbo ni wangu na jina langu lirudi. Akafuta mashine yake kwa kitambaa, taratibu, kama mtu asiyezungumza na mtu. "Wimbo ni wa mwenye mashine. Una ushahidi gani kwamba ni wako? Umeandika wapi? Ukitaka jina lako litoke, nunua mashine yako. Tena ufanye haraka. Ikifika elfu mbili kompyuta zote zinakufa, hata redioni wamesema."

"Nitanunua," nikasema.

Akacheka mpaka akakaa.

Ile kauli yake ya kuwauliza wenyewe ndiyo iliyonila njia nzima. Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Nilifika Kasekese nimeshakata shauri: kundi langu lilikwenda kwa Telesphor kwa siri, likamwitikia, likanywa soda yake, likarudi na kunichekea usoni. Kesho yake tulikuwa na shamba la mwalimu. Walipokaa kunisubiri niite, nikawaita wasaliti, na maneno mengine niliyokuja kuyajutia.

Maduhu, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye mwenyekiti wetu na ndiye mpiga ngoma. Aliweka vijiti chini. "Ng'wana Machibya, hatujaenda kokote."

"Kwa hiyo mashetani ndiyo yaliyoitikia? Shemeji, nimemsikia Romana akikohoa! Shetani gani ana kifua?"

Romana akalia. Wengine wakainama. Mimi nikaona kuinama kwao ni kukiri, nikachukua jembe langu nikaondoka. Shamba la mwalimu walililima kimyakimya kwa siku nne, na baadaye nilisikia kwamba matuta yalipinda.

Nilikaa hivyo wiki mbili, siimbi, siongei na mtu, na neno la Telesphor la mashine halinitoki. Ndipo Aloyce akaja kusalimia.

Aloyce ni kijana wa Kipimbwe wa Sitalike. Miaka miwili alimfanyia kazi mtafiti mzungu aliyekuwa akirekodi ndege na viboko kule hifadhini. Kazi ilipoisha, mama yule alimwachia Aloyce laptopu yake, kwa sababu kioo kilishapata ufa na herufi moja ilikuwa imeng'oka. Alimwachia na maiki. Alichoondoka nacho ni kisanduku.

"Kisanduku gani?" nikamuuliza.

"Cha sauti, mama. Laptopu yenyewe ina tundu la maiki, lakini haifai. Inasikia mashine yake ya ndani, inavuma tu. Kisanduku kinakaa nje. Maiki inaingia kwenye kisanduku, kisanduku kinaitengeneza sauti, halafu waya unaipeleka laptopu ikiwa safi. Bila hicho mimi nina sanduku la kuandikia barua."

"Na kikipatikana, ni nani mwenye wimbo? Mimi au wewe?"

Alinitazama kama ambaye hajawahi kuulizwa. "Wewe. Mimi nabonyeza tu."

"Vinauzwa wapi?"

Hapo ndipo aliponishangaza. Viko viwili Mpanda mjini, akasema, dukani kwa Lukmani. Dada yake Lukmani, Zubeda, hufuata bidhaa Dubai, na safari iliyopita alifungiwa viwili ndani ya katoni la vifaa vya video bila kujua ni nini. Vilikaa rafuni mwaka mzima. Wateja walidhani ni vya kuchajia betri.

Nilikuwa na dume moja jekundu. Lilikuwa langu, lakini lilitoka kwenye zizi la mume wangu, na kwetu dume la marehemu haliendi mnadani mpaka ndugu yake aseme ndiyo. Kwa hiyo ilinibidi niende kwa Maduhu, mtu niliyemwita msaliti mbele ya watu. Nilimkuta anafunga ngozi ya ngoma. Nikamweleza shida yangu nikiwa nimesimama, maana hakunikaribisha kukaa.

Akakaza kamba ya ngozi. "Dume litakwenda," akasema. "Na mimi nitakwenda nalo mpaka huko dukani. Nakwenda kwa ajili ya ng'ombe wa kaka yangu, si kwa ajili yako."

"Sijakuomba uje kwa ajili yangu."

"Vizuri. Tumeelewana."

Siku ya kwenda dukani nilibeba jembe. Aloyce akaniuliza la nini. Nikamwambia ukienda kununua viatu unakwenda na miguu. Maduhu alikaribia kucheka, akajikaza.

Lukmani ni mwenyeji wa Mpanda, baba yake alikuja kutoka Ujiji, mtu wa maneno mengi na roho nzuri, na kama muuzaji yeyote hupenda zaidi kilicho ghali. Akavishusha visanduku vyote viwili, akavifuta vumbi, akavipanga juu ya kabati. Kimoja kilikuwa kidogo, cha ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche, tundu moja la maiki, kitufe kimoja cha kuzungusha na taa moja nyekundu inayowaka sauti ikiwa kubwa mno. Cha pili kilikuwa kipana kama sinia, matundu manne, vitufe mpaka unasahau hesabu, na taa zake zilikuwa za rangi tatu.

"Mama, hiki hapa ndicho mashine," akasema, akikigonga kile kipana. "Hiki kidogo nimekileta tu usiseme sikukuonyesha. Tundu moja utafanyia nini na watu kumi na watano?"

"Hata mimi nasema hicho," akasema Maduhu. "Dume zima, tuchukue kitu kinachoonekana."

Aloyce naye akaunga mkono. Matundu manne, sauti nne, kila moja njia yake. Mzungu wake alikuwa akikitamani cha namna hiyo.

"Tujaribu," nikasema. "Nipeni udongo."

Tukatoka uani. Lukmani alinionyesha kipande cha ardhi alipokuwa akitaka kupanda migomba, akasema huko nichimbe nitakavyo. Aloyce akaweka laptopu juu ya ndoo iliyofudikizwa, akachomeka kile kipana. Maiki moja akanipa mimi, nyingine, ya Lukmani, akamshikisha Maduhu. Nikaita mstari mmoja wa wimbo wangu, jembe likashuka, Maduhu akaitikia. Hakutaka, lakini jembe likishashuka koo la mlimaji halimuulizi. Mara tatu tukafanya hivyo. Taa zikacheza. Aloyce akatusikilizisha, na kwa kweli nilijisikia vizuri, kila pumzi.

"Sasa angalia uzuri wake," Lukmani akasema, akijisogeza kwenye laptopu. "Aloyce, mwonyeshe mama ile ya kuondoa."

Aloyce akabonyeza. Tukasikia tena uleule, lakini mimi sikuwepo. Palikuwa na kimya kwenye nafasi yangu, na baada ya kimya Maduhu akaitikia hewa. Kimya tena, Maduhu tena.

"Umeona?" Lukmani akafurahi kama mtoto. "Kila tundu linakaa peke yake. Humtaki mtu, unamtoa, wengine hawajui kitu. Na ukitaka unamweka mwingine. Hebu, hebu, nipe hiyo maiki."

Akaichukua maiki yangu, akakohoa, akaimba kwenye nafasi yangu. Alikuwa hajui neno hata moja la Kisukuma, aliguna tu kwa kupandisha na kushusha. Aloyce akaupiga tena. Na Maduhu, shemeji yangu, aliyekuwa amesimama pale uani amefunga mdomo na mikono nyuma, akamwitikia Lukmani. Akamwitikia vizuri, kwa moyo, mara tatu.

Lukmani alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Sisi watatu hatukucheka.

Kikohozi cha Romana. Maiki yangu peke yangu pembeni, ile niliyoiona heshima. Hawakwenda. Hakuna aliyenizunguka. Walimwitikia Telesphor wakiwa wananiitikia mimi, mwezi wa sita, mimi nikiwa hapohapo nimesimama nao.

Maduhu alikuwa ananitazama. "Sasa, shemeji?" akasema, polepole.

Nilitaka kusema samahani, lakini samahani ya uani kwa mtu wa duka haitoshi kwa watu niliowatukana shambani. Nikamwambia, "Nitasema mbele ya wote. Wewe ngoja." Halafu nikamgeukia Lukmani. "Hicho kidogo. Nacho mtu anaweza kuniondoa?"

"Hicho? Hicho hakiwezi kitu mama, ndiyo maana nakwambia. Kinachoingia kinaingia chote pamoja. Wewe, ngoma, jembe, kuku akipita naye yumo. Ukikosea umekosea. Huwezi kumtoa mtu hata ukilia."

"Hata fundi?"

"Hata fundi wa Ulaya," akasema Aloyce, na nilimwona anaanza kunielewa.

"Nifungie hicho."

Lukmani aliacha kucheka. Akasema nitajuta. Akasema matundu manne ndiyo maendeleo, dunia inakwenda mbele mimi nataka kurudi nyuma. Hata Maduhu akajaribu: tuchukue kikubwa tutumie tundu moja tu, matatu tuyaache. Hilo lilikuwa wazo la mtu mwenye akili, nakubali. Lakini nilimuuliza, nyumba yenye milango minne, mitatu umeirudishia tu bila kufuli, unalala usingizi?

"Ugali ukishasongwa," nikawaambia, "nani anaweza kuutoa unga akaacha maji? Mimi nataka kusongwa na watu wangu. Atakayetaka majembe yangu anichukue na mimi, na asiyenitaka mimi akalime mwenyewe. Lukmani, funga mzigo, na usinitazame hivyo. Hilo sinia muuzie Telesphor."

Tukatoka na kile kisanduku kidogo kama sabuni. Dume tukamwachia Lukmani, na thamani iliyobaki Maduhu aliichukulia humohumo dukani shuka nne na baiskeli, na baiskeli akanipa mimi.

Kundi letu lina sheria ya kusingizia. Ukimsingizia mwenzako, unamlimia tuta, peke yako, bila ngoma, yeye akiwa amekaa. Nilikuwa nimesingizia watu kumi na wanne. Nikawaita, nikawaeleza niliyoyaona uani kwa Lukmani, nikawaambia wachague shamba. Walichagua la Romana, lililo gumu kuliko yote, na sikuwalaumu. Nililima humo matuta kumi na manne, moja la kila mtu, kwa siku tatu. Mikono ilitoka malengelenge yakapasuka. Siku ya tatu, tuta la mwisho lilikuwa la Romana mwenyewe, amekaa ukingoni na kata ya maji. Nilipofika katikati nikaanza kuita wimbo, si kwa kumwomba, ni kwa sababu mgongo ulikuwa umekataa. Nikasikia anakohoa kidogo. Kisha akaitikia. Wengine nao wakainuka na majembe yao, na tuta lile tukalimaliza wote, japokuwa ilikuwa kuvunja sheria.

Ikabaki kurekodi. Mvua zilikuwa zimeshakaa, Desemba imeingia, na msimu wa jembe hauna subira. Ukipita, wimbo hauna kazi mpaka mwaka mwingine, na mwaka mzima Telesphor angekuwa anaimba peke yake stendi. Betri ya laptopu ikishachajiwa kwa umeme wa mjini ilikuwa inakaa nusu saa tu tangu iwashwe. Aloyce aliileta kwa baiskeli ameifunga kwenye mfuko wa mbolea, amelowa yeye, yenyewe kavu.

Na wimbo niliubadilisha mahali pamoja. Jina langu sikuliweka tena mwanzoni, pale mkasi unapofika kirahisi. Nililitia kwenye kiitikio. Mimi naita, "Nani kaliita jembe?" na wao, majembe yakigonga ardhi, "Nyamizi, ng'wana Machibya!" Kila baada ya mstari. Mara arobaini na zaidi. Maduhu alisema baba yangu angeona ni kujisifu kupita kiasi. Nikamwambia baba yangu hakuibiwa na mtu mwenye magodoro ukutani.

Tulisimika mti katikati ya shamba, maiki ikaning'inizwa. Mara ya kwanza tulirekodi dakika sita, Aloyce akatusikilizisha, na kilichosikika kilikuwa ngoma ya Maduhu na mimi mbali kama mtu aliyeko kisimani. Aloyce akakuna kichwa. "Kwa tundu moja siwezi kupunguza ngoma nikakuacha wewe, mama. Hapa hakuna kurekebisha baadaye."

"Basi turekebishe sasa," nikasema.

Nikawapanga kwa miguu. Wanaume wa majembe mapana, hatua ishirini nyuma. Wanawake hatua nane. Romana hatua tano, maana nilitaka kikohozi chake kiwemo. Mimi chini ya maiki. Na Maduhu na ngoma yake, nyuma ya kichuguu.

"Mwenyekiti nyuma ya kichuguu?" akafoka.

"Mwenyekiti anasikika mpaka Inyonga. Nenda, shemeji, betri inaisha."

Akaenda, akinung'unika. Mara ya pili ilikuwa nzuri mpaka katikati, ndama wa jirani akaja kulamba mti wa maiki na watu wakacheka. Aloyce akasema zimebaki dakika tisa. Hakuna aliyecheka tena. Majembe yakapanda. Nikaona taa ile nyekundu imezima, inangoja. Nikaita, majembe yakashuka, taa ikawaka mara moja tu na kuzima, na jina langu likatoka kwenye makoo kumi na manne pamoja na udongo. Tuliimba mpaka mwisho wa shamba. Aloyce alinyanyua mkono laptopu ikizima yenyewe. Kwa pumzi moja tulidhani imekwenda na wimbo, lakini alisema, hapana, niliwahi, umo.

Lukmani ndiye aliyetuhamishia kwenye kaseti, bila kinyongo, na akaomba auze. Kwenye kava niliandika kwa mkono jina langu na majina ya wote kumi na wanne, Romana wa kwanza. Kufikia Krismasi kaseti ilikuwa kwenye minada na kwenye malori.

Siku tatu kabla ya mwaka elfu mbili nilishuka tena stendi ya Mpanda. Spika ya Zakia ilikuwa inapiga wimbo wangu, na juu yake, kinanda. Na juu ya kinanda, Telesphor. Zakia akanyanyua kaseti mpya niione. Picha ya Telesphor, jina la Telesphor, na hata Vijana wa Jembe hawakuwepo. Alikuwa amechukua kaseti yangu akaimba juu yake kwa nguvu zote, maana kuniondoa alishindwa.

Telesphor aliita kwenye spika, mimi nikaita naye chini yake, halafu majembe yakagonga, na stendi nzima ikasikia: "Nyamizi, ng'wana Machibya!" Telesphor akaita tena. "Nyamizi, ng'wana Machibya!" Alikuwa ananitangaza mwenyewe, kwa kinanda chake, kwa gharama zake. Abiria wa basi la Inyonga, waliokuwa wamekaa juu ya mizigo, walikuwa wameshaijua sehemu yao na walikuwa wanaitikia.

"Huyu Nyamizi ni mke wake?" mama mmoja akauliza. Watu wakaangua kicheko.

Telesphor mwenyewe akatokea upande wa soko, haraka haraka, ameshasikia kicheko. Akamwambia Zakia, "Zima hiyo."

"Nizime kwa nini? Watu wameuomba."

"Nimesema zima, Zakia!"

"Si ni wimbo wako?" Zakia akashika kava, akalisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kisha akamgeuzia. "Hii picha si yako? Hili jina si lako?"

Ndipo akaniona. Nilikuwa nimesimama na jembe langu begani. Akaangalia watu, akaangalia kava, spika ikagonga tena na abiria wakaitikia, wengine sasa wakinioneshea kidole. Alikuwa na njia mbili tu, akubali kwamba katika wimbo wake anamsifu mtoto wa Machibya mara arobaini, au aukane.

"Huu wimbo si wangu," akasema.

"Sema kwa nguvu," nikamwambia. "Kuna mabasi yananguruma."

"Nimesema si wangu!" akapiga kelele, akageuka, akaondoka kwa miguu mirefu kupita katikati ya mizigo ya watu.

Nilimwambia Zakia aongeze sauti.